Jina la Cheo na Upendeleo wa Chama
Katika Zaire ya M.P.R., kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Hata hivyo upendeleo haukutoweka, bali uligawanyika. Mwaka 1993 watu wawili walidai uwaziri mkuu: Tshisekedi, aliyechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa mwezi Agosti 1992, na Birindwa, aliyeteuliwa na Mobutu. Kumwita mmoja wao «waziri mkuu», bila maelezo, kulikuwa tayari kuchagua upande. Kwa hiyo msomaji makini hutenganisha kwanza tukio na jina lililopewa, husoma magazeti ya pande zote mbili, kisha hupima hoja za chama chake mwenyewe kwa mizani ileile.