Funga Daftari, Mfundishe Mwenzako

Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko awali, lakini katika wodi ya leba huduma ilibaki ileile. Ndipo yakaanzishwa mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale kazini, yakisimamiwa na wakufunzi wa hospitali hiyohiyo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.

Matokeo hayo yanawahusu wanafunzi wa udaktari. Anayesoma leo Mbeya, Moshi au Dar es Salaam, kesho anaweza kupangiwa kazi kijijini, tuseme Isansa, wilayani Mbozi. Huko hakuna profesa. Wauguzi na matabibu wapya watamtazama yeye, na kufundisha ni ujuzi unaotaka kufunzwa.

Kwenye diskasheni nyingi za wanafunzi, mmoja husoma nukuu kwa sauti, wenzake wakanakili. Utafiti wa Singapore wa mwaka 2018 unaonyesha kasoro ya mtindo huo. Waliofundisha bila karatasi walielewa somo zaidi baada ya wiki moja kuliko waliofundisha kwa kusoma maandishi. Kinachojenga kumbukumbu ni ile kazi ya kulivuta jambo kutoka kichwani; hapo ndipo mtu hugundua asichokielewa.

Kwa kazi za mikono, daktari wa upasuaji Rodney Peyton alipendekeza hatua nne mwaka 1998. Kwanza mwalimu anafanya kimya, kwa kasi ya kawaida. Pili anarudia polepole akieleza. Tatu mwanafunzi anaeleza, mwalimu anafuata maelezo hayo. Nne mwanafunzi anafanya mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu ina thamani kubwa: kosa linasikika mdomoni kabla halijamfikia mgonjwa.

Basi vyuo vyetu viupe ufundishaji nafasi kwenye ratiba, sawa na kushona kidonda. Mwanafunzi amfundishe mwenzake bila daftari, mhadhiri amtazame na kumrekebisha, kisha mwanafunzi arudie wiki inayofuata. Daktari aliyelelewa hivyo ataifanya zamu yake Isansa iwe darasa la dakika tano, na akihamishwa, ujuzi utabaki kwa wenzake.