Biashara ya Mafuta ya Kukinga Jua na Masafa ya Rungwa

Njia itokayo Itigi kwenye reli ya kati, ikashuka kusini kupitia mapori ya miombo hata Makongolosi na Mbeya, hukutana kijijini Rungwa na njia ya Tabora ipitayo Sikonge na Ipole. Na kwa sababu ya makutano hayo, kijiji hiki cha mkoa wa Singida, kilicho jirani na Pori la Akiba la Rungwa, hupitiwa na bidhaa nyingi kuliko udogo wake ungemfanya mgeni adhanie. Asali na nta hutoka. Unga, sukari, vitenge, sabuni na mafuta ya mgando huingia. Lakini katika maduka ya vijiji vya namna hii ni nadra kuona rafuni mafuta ya kukinga jua ya kupaka usoni, ilhali jua lenyewe halina uhaba: Rungwa iko nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta, juu ya uwanda uliopita mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kipimo cha miale ya urujuanimno, ambacho Shirika la Afya Duniani lasema kikifika 3 yafaa mtu ajikinge, katika latitudo hizi aghalabu hupita 10 wakati wa adhuhuri.

Mwenye kutaka kuifahamu biashara hii sharti aanze na ngozi. Mwaka 1979 Kaidbey na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi uliokadiria kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya asili ya kiasi cha namba ya kinga (SPF) 13 dhidi ya miale ya urujuanimno aina ya B, na la ngozi nyeupe kiasi cha 3 tu. Kwa hiyo mtu mweusi ni nadra kupata saratani ya ngozi kwa ajili ya jua, ijapokuwa hasalimiki na madoa ya usoni wala na kuzeeka kwa ngozi, kwani miale ya aina ya A hupenya ndani zaidi, na hata kioo cha dirisha la gari hakiizuii barabara. Ama mtu mwenye ualbino, ambaye mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, hana hata akiba hiyo ya asili. Na katika Tanzania, ambako hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400 huzaliwa na hali hiyo, madaktari wa Dar es Salaam walikwisha kuandika tangu mwaka 1985 kwamba madhara ya jua katika ngozi zao huanza utotoni. Hapo ndipo ninapoona kasoro kuu ya soko letu: bidhaa humfikia kwanza yule ambaye haja yake ni ndogo, anayeishi mjini na mwenye pesa, na yule ambaye kwake ni suala la uhai huifikia mwisho au haifikii kabisa.

Kasoro hiyo ina historia. Bidhaa hii ilianza kutengenezwa kwa ajili ya Mzungu aliye mapumzikoni: Ambre Solaire ya Eugène Schueller ilitoka Ufaransa katikati ya miaka ya 1930, karibu na mwaka 1936 ambao wafanyakazi wa nchi hiyo walipata kwa sheria likizo yenye malipo, wakamiminika pwani. Viwanda vilivyofuata vikapima rangi, harufu na bei kwa mnunuzi wa namna hiyo. Ndiyo maana mpaka leo krimu nyingi zenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, madini ambayo ni salama na hukinga vizuri, huacha juu ya uso mweusi weupe kama wa majivu, na msichana wa Singida akijipaka mara moja na kujitazama katika kioo, chupa huwekwa kabatini isiguswe tena. Muuzaji asimlaumu mteja kwa hilo. Krimu zilizotiwa oksidi ya chuma, ambayo huzipa rangi ya udongo, huondoa weupe huo, na tena huzuia mwanga uonekanao kwa macho, ambao kwa watu weusi huchochea madoa. Hizo ndizo zinazostahili kuagizwa kwa wingi katika nchi hii, na hizo ndizo haba.

Katika kuchagua, mwenye uso wa mafuta na chunusi yafaa atafute jeli au losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo. Mwenye uso mkavu, na ukavu ni jambo la kawaida wakati wa upepo wa kiangazi, atafute krimu nzito yenye gliserini. Na yule ambaye ngozi yake huwasha upesi, pamoja na watoto, heri atumie ile ya zinki isiyo na manukato. Kuhusu namba ya kinga, SPF 15 huzuia asilimia 93 hivi ya miale ya B, 30 huzuia 97, na 50 huzuia 98. Basi tofauti ya bei baina ya 30 na 50 huwa kubwa kuliko tofauti ya faida kwa mtu wa kawaida, lakini mwenye ualbino hata hiyo asilimia moja asiiache. Namba pekee haitoshi: maandishi ya chupa yaonyeshe kwamba na miale ya A inazuiwa.

Hesabu ya matumizi ndiyo wauzaji wasiyomweleza mteja. Namba hizo hupimwa maabara kwa miligramu 2 juu ya kila sentimita mraba ya ngozi. Maana yake uso wa mtu mzima hutaka gramu moja na zaidi kwa mpako mmoja, yaani mistari miwili ya krimu iliyokamuliwa kwa urefu wa vidole viwili, na mpako hurudiwa kila baada ya saa mbili mtu akiwa juani, khasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Wengi hupaka nusu ya kiasi hicho au pungufu, kinga ikashuka vibaya. Mtu mwenye ualbino apakaye uso, masikio, shingo na mikono hawezi kutumia chini ya gramu 5 kwa mpako, na akipaka mara mbili tu kwa siku, chupa ya gramu 100 haimfikishi zaidi ya siku kumi. Kofia pana na shati la mikono mirefu hupunguza gharama hiyo kwa kiasi kikubwa, na mwuza duka mwaminifu angeviweka vyote rafu moja.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango, na miongoni mwa viambato vilivyopigwa marufuku ni zebaki na haidrokwinoni, ambavyo ndivyo roho ya mkorogo. Nalitaja kwa makusudi, maana wako wauzaji wanaochanganya meza moja krimu ya kukinga jua na krimu ya kujichubua, mteja akadhani ni ndugu. Kumbe mkorogo huivua ngozi kinga yake na kuifanya idhurike na jua upesi. Aidha mnunuzi wa kijijini atazame tarehe ya mwisho, na aulize chupa ilikaa wapi, kwa kuwa duka lenye paa la bati lisilo na dari huwa tanuri mchana, na krimu iliyopata joto kali kwa muda mrefu hujitenga, maji upande wake na mafuta upande wake, ikapoteza nguvu.

Jambo la kutia moyo liko Moshi. Katika hospitali ya KCMC, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, mfamasia Mhispania Mafalda Soto Valdés alianzisha karakana ya kutengeneza krimu iitwayo Kilisun, kwa msaada wa kitaalamu wa kampuni ya BASF ya Ujerumani. Krimu hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutengenezwa hapahapa nchini, nao hupewa bure kupitia kliniki zinazozunguka mikoani. Kwa mtazamo wa uchumi, karakana hii imethibitisha jambo moja: kwamba bidhaa hii yaweza kutengenezwa Tanzania kwa ubora wa kuaminika. Udhaifu wake ni kwamba imesimama juu ya hisani ya wafadhili, na hisani haina mkataba. Kenya ilichukua njia nyingine, serikali yenyewe ikatenga fedha na kuwagawia watu wenye ualbino mafuta hayo bure kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Mimi naiona njia hiyo kuwa bora, kwa sababu kiwanda chenye mnunuzi wa kudumu huweza kukopa, kuajiri na kuongeza mitambo.

Tena mali ghafi moja ya biashara hii imo mikononi mwa watu wa Itigi na Rungwa wenyewe. Baada ya kukamua asali, wafugaji nyuki huchemsha masega, huyachuja kwa kitambaa kizito, na nta ikiganda juu ya maji huuzwa mabonge ya manjano. Viwandani hutumika kuipa krimu uzito na kutengenezea mafuta ya midomo. Nta peke yake haizuii miale, na yeyote amwambiaye mkulima ajipake nta au mafuta ya alizeti badala ya krimu amemdhuru. Lakini kiwanda kinunuacho nta ya Singida kingepunguza uagizaji wa ng'ambo ubaki kwa kile ambacho hakina budi kuagizwa, yaani vichujio vya miale, na bei ya kopo ingeshuka.

Lililo jepesi zaidi kutekelezwa sasa ni oda. Zahanati za serikali huagiza mahitaji yao kutoka Bohari ya Dawa, na mafuta ya kukinga jua yaagizwe kwa jina la mtu na kwa uzito: kwa hesabu ya gramu 10 kwa siku, kila mtu mzima mwenye ualbino katika kata atahitaji kilo 3 na gramu 650 kwa mwaka, zikiletwa kidogo kidogo kila robo mwaka ili zisiharibikie stoo.