SIKU MOJA NAPOLI: JINSI NILIVYOMPANGIA MJOMBA MATEMBEZI

Usinicheke. Mimi sijavuka Voi, lakini mwaka huu nimempangia mtu matembezi ya siku nzima katika mji wa Napoli, huko Italia, kando ya Bahari ya Mediterania. Hebu nikueleze nilivyofanya, na nilivyokosea kwanza.

Mjomba wangu ni mpishi katika meli ya watalii. Meli hiyo ilitia nanga Napoli mara kadhaa, na kila mara yeye yuko jikoni anamenya viazi, mji anauona kupitia kidirisha tu. Mwezi wa Julai, mkataba wake ukikaribia kwisha, akapewa ruhusa ya siku moja, Jumanne. Sharti lilikuwa moja: ifikapo saa kumi na moja jioni awe ndani. Meli haimngoji mpishi. Ukiachwa, nauli ni yako na kazi imeota mbawa.

Kwa kuwa anajua napenda Jiografia, alinituma mimi. Nikafungua atlasi, nikaandika mambo kumi: kupanda mlima Vesuvius, magofu ya Pompeii, kisiwa cha Capri, makumbusho, makanisa chungu nzima. Jibu lake likaja kwa simu: "Mwanangu, mimi ni mtu au ni kunguru?" Kumbe nilihesabu vitu, njia sikuzihesabu!

Nikaanza upya, na safari hii nikaanzia mwisho. Saa kumi na moja awe melini, basi saa kumi awe amefika bandarini. Ile saa moja katikati ni ya akiba, haiguswi. Kutoka hapo nikarudi nyuma hadi asubuhi.

Jumanne nayo ina mambo yake. Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, yanayohifadhi picha na vyombo vilivyofukuliwa Pompeii, hufungwa siku hiyo. Kanisa dogo la Sansevero, lenye sanamu ya Kristo aliyefunikwa shela, iliyochongwa 1753, pia hufungwa Jumanne. Nusu ya orodha ikafa hapo hapo. Capri na kilele cha Vesuvius nikavifuta mwenyewe, roho ikiniuma.

Ikabaki Pompeii, kilomita 25 hivi kutoka Napoli, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa treni. Mji huu ulifunikwa na majivu na mawe ya Vesuvius mwaka wa 79, ukalala chini kwa karne nyingi. (Mlima wenyewe ulilipuka mara ya mwisho 1944.) Ni hekta 66, na kama thuluthi moja haijafukuliwa hadi leo. Mtu hawezi kuumaliza kwa asubuhi moja. Nikamwambia mjomba aingie lango likifunguliwa saa tatu, kabla jua halijawa kali maana vivuli ni haba, abebe maji na kofia, kisha atafute vitu vya mpishi mwenzake tu. Yaani maduka ya mikate, yenye mawe makubwa ya kusagia ngano na tanuri za matofali. Yaani pia vibanda vya chakula vya barabarani, ambavyo kaunta zake zina mashimo ya kutilia mitungi. Watu wa Pompeii walikuwa wakila njiani kama sisi tunavyokula viazi karai! Kimoja cha vibanda hivyo kilifukuliwa kizima, kikatangazwa 2020, na picha za bata na jogoo bado ziko ukutani.

Saa sita unusu, arudi Napoli. Chakula cha mchana ni piza, hakuna mjadala. Ufundi wa wapishi wa piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2017. Tanuri huwa ya moto mkali wa kuni, piza ikaiva kwa dakika moja au moja na nusu. Asiye na nafasi ya kukaa huuziwa ile inayokunjwa mara mbili ikawa tabaka nne, akala akitembea. Basi aishike mkononi apite Spaccanapoli, barabara nyembamba iliyonyooka kama rula tangu enzi za Wagiriki, waanzilishi wa mji huu. Wao waliuita Neapolis, yaani Mji Mpya. Mwisho anywe kahawa akiwa amesimama, maana kuketi mezani mara nyingi huongeza bei, na aonje sfogliatella, andazi la tabaka nyingi kavu lenye jibini laini tamu ndani. Kutoka hapo bandarini ni mwendo wa miguu.

Je, ilikuwaje? Treni ya kurudi ilijaa, akangoja ya pili. Dakika arobaini za ile saa ya akiba zikaliwa pale. Alipanda melini saa kumi na dakika arobaini, sfogliatella mfukoni.

Jioni hiyo akatutumia picha ya tanuri ya Pompeii, akaandika kwamba haina tofauti na ile ya mwoka boflo wa mtaani kwetu. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mjomba alikumbuka kofia.