Mshoni wa Usambara

Wasomaji wetu wa Tanga na Muheza waijua barabara ipandayo kwa kujipinda mpaka Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Huko juu, penye ukungu na mvua nyingi, yuko ndege mdogo ambaye mtu aweza kuishi karibu naye miaka mingi asimwone. Urefu wake ni kama kidole kirefu cha mtu mzima, pamoja na mkia. Rangi yake ni ya kijivu, na tumboni amepauka. Hana kilemba, wala unyoya mmoja wa kung'aa. Alicho nacho ni mdomo mrefu mwembamba kama sindano, ambao kwa huo huwachokoa wadudu waliojificha katika majani.

Wataalamu wamemweka katika jamii ya ndege waitwao washoni. Jina hilo lilitoka Asia, kwa ndege wadogo wanaotoboa kingo za majani kwa mdomo na kuyashona kwa utando wa buibui, wapate kujenga kiota ndani yake. Huyu wetu aitwa mshoni wa mdomo mrefu. Jina lake la Kilatini ni Artisornis moreaui.

Jina hilo la pili ni la Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika Amani mwaka 1928. Kazi yake katika kituo cha utafiti wa kilimo ilikuwa ya maktaba na hesabu, si ya ndege hata kidogo. Walakini saa zake za mapumziko alizitumia mwituni. Mkewe, Winifred, alishirikiana naye katika kazi hiyo, na ndege mwingine mla wadudu, wa milima ya Uluguru, alipewa jina la mama huyo mwaka 1938. Mshoni wa Amani alipatikana mwaka 1930, na mwaka uliofuata habari zake zikaandikwa kwa wataalamu.

Ikadhaniwa kwamba hayuko popote pengine duniani. Kumbe yuko! Mwaka 1945 Jali Makawa, mwenyeji wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, alimpata ndege wa namna iyo hiyo juu ya mlima Njesi, kaskazini ya Msumbiji. Kutoka Amani mpaka Njesi ni zaidi ya kilometa 900, na katikati ni nchi kavu ya chini ambayo ndege wa mwitu wa baridi hawezi kuivuka. Makawa alikuwa mkusanyaji hodari, aliyefanya kazi miaka mingi na Bwana C. W. Benson. Jina lake pia limo katika vitabu vya ndege, kwa ajili ya ndege mmoja aliyepatikana Zambia mwaka 1964, ambaye mwenziwe hajapatikana mpaka leo.

Baada ya hapo mlima Njesi ulinyamaza. Miaka 56 ilipita, hata mwaka 2001 watafiti walipopanda tena wakamkuta mshoni yungali hai.

Sababu ya kufichika kwake ni makao yake. Hapendi mwitu mzito wenye giza, wala hakai mahali peupe. Mti mkubwa ukianguka, jua huingia, na kamba za mwitu hupanda juu ya miti iliyosalia, zikisokotana hata mkono wa mtu haupenyi. Humo ndimo akaamo. Tena vichaka kama hivyo huota pembeni mwa mwitu, karibu kabisa na mashamba na nyumba. Basi hapo ndipo taabu ilipo. Kwa macho yetu kichaka cha kamba ni uchafu, na mtu mwenye bidii hukifyeka. Miti hubaki imesimama, na aonaye husema mwitu ungalipo, lakini ndege hana pa kukaa.

Mashamba ya chai nayo yameukata mwitu vipande vipande. Tangu mwaka 1987 mtaalamu William Newmark na wenzake wa Usambara wamekuwa wakitega nyavu nyembamba, wakiwavisha ndege pete mguuni na kuwaachilia. Wameona kwamba ndege wa chini ya miti hupungua sana katika vipande vidogo. Mwaka 1997 Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Baadaye ukanda wa Derema nao ukahifadhiwa, na wakulima wa iliki waliokuwa na mashamba humo wakaondolewa kwa fidia. Hilo halikuwa jambo jepesi, maana iliki ndiyo iliyokuwa fedha ya nyumba nyingi, na mtu hauli mwitu.

Atakaye kumjua mshoni asitumaini macho, atumie masikio. Asimame kimya kando ya kichaka cha kamba. Mmoja hulia kwa sauti kali, akiirudia, na mwenziwe humwitikia kutoka ndani, upesi hata mtu adhani ni ndege mmoja.