Kamusi ya Wamama wa Nyangezi

Juma lililopita sanduku letu la AVEC lilichelewa kufunguliwa, kwa sababu mwenye ufunguo wa tatu alikuwa "njiani". Tukiwa tunamngojea, tukaanza kueleza maneno tunayosema kila siku, kila moja na maana yake ya kweli. Haya ndiyo tuliyoweza kuandika katikati ya kicheko.

Niko njiani: mtu hajaoga bado. Akisema "nimekaribia", anatafuta viatu.

Saa tatu kamili: saa ya kuanza mkutano. Huangukia kati ya saa nne na nusu na saa sita, kulingana na mvua.

Bei ya mwisho: bei ya kwanza, ikisemwa kwa uchungu. Pale soko la Munya kuna bei za mwisho tatu. Ya nne hupatikana mteja akishageuka kwenda.

Gigozi: mkebe wa kupimia maharagwe. Ukiwa wa kukuuzia, chini yake pamebonyea. Ukiwa wa kununua kwako, lazima uwe na mlima juu.

Anakaa tu nyumbani: husemwa juu ya mwanamke aliyeamka saa kumi na moja, akachota maji, akalima muhogo, akabeba kuni mgongoni kwa kamba ya kichwani, akatwanga sombe, na saa sita haijafika. Kazi hiyo haina konji wala mshahara.

Kusaidia bibi: bwana kubeba mtoto wake mwenyewe toka kitini hadi mlangoni. Huchukua dakika 3 na husimuliwa mwaka mzima. (Mabwana wanaosoma gazeti hili kwa siri, tunawajua.)

Bure: hapa tulibishana. Mmoja wetu alisema ni neno linalofuatwa na "lakini". Binti wa mama mmoja, anayesoma sekondari, alikuwa na kitabu cha Katiba ya 18 Februari 2006 katika mfuko wake. Akatusomea kifungu cha 43: masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Lakini serikali ilianza kulitekeleza neno hilo Septemba 2019. Basi tukaandika: Bure, kitu kinachongojewa miaka 13.

Kwa kuwa kitabu kilikuwa wazi bado, tukamwambia binti atafute Artikle 15. Hiyo kila Mkongomani anaijua kwa kichwa, tuliirithi kwa wazazi: jitafutie mwenyewe. Ndiyo sheria ya mwalimu asiyelipwa, ya askari barabarani, na yetu sote mwisho wa mwezi. Tukajitayarisha kucheka.

Binti akasoma polepole. Kifungu cha 15 kinasema wenye mamlaka ya serikali wanapaswa kuangalia kwamba jeuri za kingono zinaondolewa. Kinaendelea: jeuri hiyo ikitendwa kwa mtu yeyote kwa nia ya kuvuruga au kuvunja jamaa na kuangamiza watu wa taifa zima, ni kosa juu ya ubinadamu, na sheria inaliadhibu.

Hakuna aliyecheka. Hospitali ya Panzi si mbali na sisi, na hakuna aliyehitaji kuelezewa maneno hayo. Tulikaa kimya mpaka mama mmoja akauliza:

"Sasa kwa nini tulifundishwa ile nyingine tu?"

Tukaandika maana mbili. Artikle 15 ya mdomo: jitafutie. Artikle 15 ya karatasi: serikali itulinde. Mtu wa ofisi akitutupia ile ya kwanza, tutamsomea ya pili. Binti ameiandika kwa kalamu upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku, ili kila siku ya akiba tuione.

Mwenye ufunguo alifika saa tano, akatuuliza tunangoja nini. Neno "kesho" hatukulifikia. Tutalieleza kesho.