Kitasa cha Kidijitali au cha Ufunguo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mpangaji anayehama anaweza kurejesha ufunguo mmoja na kubaki na nakala yake. Hapo ndipo kitasa cha kidijitali, kinachofunguliwa kwa namba ya siri, alama ya kidole au simu, kinapokizidi kile cha ufunguo: namba hubadilishwa papo hapo bila kumwita fundi.

Hata hivyo, vitasa vingi vya aina hiyo hutumia betri. Umeme ukikatika huendelea kufanya kazi, lakini betri zikiisha, asiye na ufunguo wa akiba hubaki nje. Ni vyema kuchagua chenye tundu la ufunguo, na ufunguo huo uhifadhiwe kwa ndugu au jirani mwaminifu, si ndani ya nyumba hiyohiyo. Namba iliyowekwa kiwandani ibadilishwe siku ileile kitasa kinaposimikwa.

Kwa mwenye kipato kidogo, kitasa imara cha ufunguo pamoja na komeo bado vinafaa; mpangaji akihama, hubadilishwa silinda tu, si kitasa kizima. Fedha inayobaki ielekezwe kwenye miimo ya mlango, kwani mwimo dhaifu huweza kuvunjwa pasipo kitasa chochote kuguswa.