Sharti na Jawabu Lake katika Kiingereza cha Maandishi

Mwandishi aliyelelewa kwa Kiswahili amezoea kuona alama moja ya sharti katika vitenzi viwili: "Ningalijua, ningalikuja." Kiingereza hakina ulinganifu huo. Fungu la sharti, lianzalo kwa "if", hutwaa umbo la wakati uliopita, "would" hukaa katika jawabu peke yake: "If I had known, I would have come." Anayehamisha -ngali- zote mbili huandika "If I would have known", nayo katika maandishi sanifu huhesabiwa kosa.

Tena umbo hilo la wakati uliopita si lazima lieleze jana. "If I had money, I would buy a farm" ni "Ningekuwa na fedha, ningenunua shamba": ni hali ya leo, iliyo mbali na kweli.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika -ki-. "Deni likilipwa, hati itarudishwa" yaweza kufasiriwa kwa "if" au kwa "when". Katika mkataba, neno la kwanza laacha shaka kama deni litalipwa. La pili lachukulia kwamba litalipwa. Kiswahili humwachia msomaji apambanue kwa muktadha. Kiingereza humlazimisha mwandishi achague. Basi na aipime kwanza nia ya sentensi, ndipo atafute neno.